Nani Anakula Umeme wa Nyumba Hii

Umeme ulipokatika usiku ule sikuamshwa na giza, niliamshwa na ukimya. Feni ilimaliza mizunguko yake ya mwisho ikasimama, joto la Tanga la mwezi wa pili likashuka na kunikalia kifuani, na huko sebuleni friza ya mama watoto, ambayo hunguruma usiku kucha, ikakata kauli. Nikanyoosha shingo dirishani. Taa ya barabarani inawaka. Kwa jirani redio inajisemea peke yake. Basi si mgao.

"Ni sisi," akasema Mama Zuhura gizani, kwa sauti ya mtu aliyekuwa macho kitambo. "Zile yuniti ishirini za Jumapili jioni."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi haijaadhiniwa."

Siku tatu na kipande. Nyumba hii ilikuwa ikikaa na yuniti 20 siku tano kamili, na mimi nilikuwa nikitembea nazo barazani kwa wenzangu kama mtu anavyotamba na gari lisilokunywa mafuta. Tangu mwaka uanze hesabu ikaharibika, na kila mtu ndani ya nyumba akawa na jibu lake. Majibu hayo yalitugharimu kuliko umeme wenyewe.

Nitaje kwanza waliomo. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, niliyefundisha vijana kuandika insha za hoja mpaka chaki ikaniingia mapafuni. Mama Zuhura, mwenye friza na mwenye biashara: barafu za ubuyu na ukwaju za mfuko, shilingi mia moja moja, kwa watoto wa shule ya msingi iliyo mtaa wa pili. Zuhura, yuko likizo, anasoma sheria mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mdogo wake wa darasa la sita, ambaye kazi yake katika kisa hiki ni kucheka pasipotakiwa. Chumba cha uani anakaa kijana mlinzi wa usiku, tunamwita Kamanda kwa ajili ya sare zake. Analipa kodi, na juu yake elfu tano kwa mwezi kuchangia luku, maana mita ni moja. Halafu kuna dada yangu, shangazi wa watoto, yaani wifi yake mama watoto. Yeye hakai hapa. Anakuja Jumatano na Jumapili.

Aliyewahi kuchangia mita moja na mpangaji anajua kwamba hapo tayari pana kesi. Luku, ile Lipa Umeme Kadri Unavyotumia, ni adilifu kwa nyumba nzima na dhalimu kwa mtu mmoja mmoja. Inakuambia kiasi kilicholiwa. Haikuambii nani kala.

Sikulala tena. Adhana ya alfajiri ilinikuta nina hoja kamili, imesimama kwa miguu mitatu.

Miguu hiyo mitatu ilichongwa na Aristotle, Myunani, zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Unaweka kauli kuu inayowahusu wote. Unaweka kauli ndogo inayomhusu mmoja. Kutoka kwenye hizo mbili, ya tatu inazaliwa yenyewe bila mkunga. Binadamu wote hufa. Sokrate ni binadamu. Kwa hiyo Sokrate atakufa. Waliosoma madrasa wakafika mbali wanaijua kama kiyasi. Ibn Sina aliiandikia kurasa na kurasa. Vitabu vya leo vinasema deduksheni. Mimi darasani niliita hoja ya kushuka, kama mkwezi aliyekwisha kufika kileleni anashuka na nazi yake: kazi imefanyika juu, chini anakabidhi tu. Na utamu wake ni kwamba ukikubali kauli mbili za mwanzo, ya tatu huna ruhusa ya kuikataa. Huwezi kupokea posa, ukapokea mahari, halafu siku ya ndoa useme hujui habari.

Yangu ilikuwa hivi. Kila anayepiga pasi usiku anamaliza umeme. Kamanda anapiga pasi kila usiku. Kwa hiyo Kamanda anamaliza umeme.

Kauli kuu niliipima kwa hesabu. Yuniti moja ni kazi ya chombo cha wati 1000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1000 ikivuta saa nzima imekula yuniti. Taa ya wati 10 inahitaji saa 100 kula hiyo hiyo. Vyombo vya joto ndivyo mafisi. Kauli ndogo nilikuwa nayo kwa macho, pua na masikio. Sare ya Kamanda ina mistari inayoweza kukata nyanya. Kila siku baada ya magharibi, kabla hajaenda lindoni, chumbani kwake husikika vijitone vya maji vikichoma kitambaa, tss, na harufu ya nguo iliyoungua kidogo inapita uani. Tena usiku mmoja nikienda chooni niliona chini ya mlango wake wekundu mdogo unang'aa. Taa ya pasi hiyo, nikasema. Ningetaka ushahidi gani zaidi?

Nikaitisha kikao barazani baada ya alasiri. Kahawa, kashata, mkeka mpya. Nilitaka lionekane jambo la heshima. Nikaieleza hoja yangu taratibu, kauli kwa kauli, kama zamani ubaoni, na nikamaliza kwa kumwomba Kamanda kwa upole aongeze mchango ufike elfu ishirini.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Kisha akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa kidogo," akaenda chumbani.

Akarudi ameshika pasi. Ya chuma, nyeusi, nzito, ina mpini wa mti na matundu ubavuni, na mbele, kwenye komeo la kifuniko, amesimama jogoo mdogo wa shaba. Aliifungua. Ndani palikuwa na majivu ya jana.

"Ya marehemu bibi yangu, Mwalimu. Ya umeme sina. Wala soketi ya chumbani haifanyi kazi tangu nihamie, nilikueleza mwezi wa nane."

Alinieleza, kweli.

Mtoto wa darasa la sita akacheka. Mama Zuhura akajiinamia kwenye kikombe. Zuhura, ambaye nilitegemea ataniokoa, akaamua kunifundisha.

"Baba, umbo la hoja yako lilikuwa zuri sana."

"Usinicheze shere."

"Kweli. Tatizo ni kwamba pasi ya mstari wa kwanza siyo pasi ya mstari wa pili. Ya kwanza ina waya. Ya pili ina jogoo."

Nimelisahihisha kosa hilo kwenye madaftari ya watu maisha yangu yote: neno moja, maana mbili, mwandishi anarukia juu ya ufa bila kuangalia chini. Lakini lilinichoma jambo lingine. Kauli kuu niliihangaikia, nikapiga hesabu ya wati mpaka nusu. Kauli ndogo, ambayo kuihakiki kulitaka kubisha mlango mmoja na kusema hodi, hiyo sikuigusa, kwa sababu ilinipendeza. Ule wekundu wa makaa ulikuwa mbele ya macho yangu. Nilikwenda nao nyumbani kwa jina nililoupa mwenyewe.

Niliomba radhi. Kamanda akasema yamekwisha, Mzee. Ila siku tatu zilizofuata shikamoo yake ilikuwa fupi kama risiti.

Mama Zuhura hakuwa na haja na Wayunani. Yeye ana daftari, lile kubwa la jalada gumu analoandikia madeni ya barafu, na ukurasa wa nyuma akaanza kuandika masomo ya mita kila alfajiri. Wiki mbili. Hakumwambia mtu. Siku ya kumi na tano aliliweka mbele yangu pamoja na chai.

"Soma mwenyewe."

Siku nyingi nyumba ilikula yuniti tano na ushei: 5.3, 5.5, 5.4. Lakini alfajiri nne kati ya hizo zilikuwa juu: 6.8, 6.9, 6.7, 6.8. Jumatatu, Alhamisi, Jumatatu, Alhamisi.

"Yaani Jumapili na Jumatano," nikasema.

"Mimi sijataja mtu. Nimesoma daftari."

Hakuwa na haja ya kumtaja. Jumapili na Jumatano dada yangu yuko hapa kuanzia saa nne asubuhi mpaka isha. Mara nne kati ya nne amekuja, mara nne umeme umekwenda. Siku kumi hakuja, siku kumi hali ilikuwa nafuu. Ikiwa kuna mke aliyewahi kumshitaki wifi yake kwa ushahidi safi kuliko huo, sijamsikia.

Hiyo nayo ni njia ya heshima. Ni mkwezi anayepanda: anaanza na vitu vilivyopo chini, kimoja, cha pili, cha tatu, akielekea kwenye kanuni iliyo juu asiyoiona bado. Wanaita induksheni, wale wa madrasa, istikrai. Mwingereza Francis Bacon aliipigia debe mwaka 1620 katika kitabu cha Novum Organum, na alichosisitiza ni hiki hasa alichofanya mama watoto bila kumsoma: usiorodheshe tu pale jambo lilipotokea, orodhesha na pale lilipokosekana, na uandike lilizidi lini na likapungua lini. Wengi wetu tunakumbuka siku mgeni alipokuja na balaa likaja. Siku mgeni alipokuja na balaa lisije hatuandiki popote. Daftari la barafu liliandika zote.

Kasoro ya njia hii ni kwamba mkwezi wa kupanda hafiki kileleni hata siku moja. Mara nne kati ya nne si kila mara. Tena anayepanda na macho yake juu haoni nani mwingine anapanda naye.

"Sasa," nikasema, "mwanamke mmoja, tena mwembamba kama kimbaumbau, anakulaje yuniti moja na nusu kwa kukaa kwenye mkeka?"

"Watu wengine wana nyota nzito."

Nikatetea damu yangu. Nikasema hata siku asizokuja tunakula 5.4, na zamani tulikuwa tunakula nne. Hiyo moja na zaidi nyota ya nani? Hakunijibu. Lakini mtoto wa darasa la sita alikuwa nyuma ya pazia, na Jumapili ile dada alipofika alipokewa na habari yake mlangoni. Aligeuka papo hapo na kitenge chake. Jumatano hakuja.

Mama Zuhura alichemsha ubuyu peke yake siku hiyo, kwenye jiko la mkaa, akachuja kokwa peke yake, akafunga mifuko peke yake mpaka usiku, akilalamika vidole. Alhamisi alfajiri tulikwenda wote watatu kwenye mita kama watu wanaokwenda kuangalia mwezi.

6.8.

"Haya," nikasema. "Dada yangu hakuwapo."

Akasoma daftari lake, akalifunga. "Mimi nilisema akija umeme unakwenda. Sikusema asipokuja hauendi."

Zuhura alipiga makofi. Na kwa kweli kimantiki hakuna wa kumshika hapo. Mvua ikinyesha uwanja unalowa. Uwanja kulowa bila mvua hakuikanushi kauli hiyo, huenda mtu kamwaga ndoo. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walikuwa wakiangukia hapo kila mwaka. Mama Zuhura aliachia shule darasa la saba, na amenikwepa kwa hatua moja.

Ila kulikuwa na ndoo, na mwenye ndoo ni mimi. Inanibidi sasa nirudi nyuma kwenye jambo nililolipita kimya mpaka hapa, kama nilivyolipita kimya kwenye vikao vyote.

Mwanzoni mwa mwaka shule zilipofunguliwa, barafu zilikuwa hazigandi kwa wakati. Watoto wanatoka mapumziko saa nne, mifuko ya chini bado tepetepe. Mama Zuhura alikuwa na desturi ya kuacha ubuyu upoe kwanza kwenye beseni, ndipo aufunge na kuuingiza. Mimi nikamwambia anapoteza muda. Nikamwambia kuna mwanafunzi wa shule ya mkoa wetu huu huu wa Tanga aliyeufundisha ulimwengu kwamba cha moto huganda mbele ya cha baridi.

Na habari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1963, shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, unayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo. Mwenzake akaweka maziwa yasiyochemshwa ili awahi, na Mpemba akaona atakosa nafasi, akayaingiza ya kwake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu hivi ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa.

Namwelewa mwalimu yule, tumekula chaki moja. Alikuwa na kauli kuu kuhusu kupoa kwa vitu, akashuka nayo: cha moto kina safari ndefu zaidi, kwa hiyo hakiwezi kutangulia. Hoja imenyooka. Mtoto alikuwa na kitu kimoja tu, maziwa yaliyoganda. Baadaye Mpemba alikwenda Mkwawa, Iringa, na siku mhadhiri wa fizikia Denis Osborne alipofika kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, akasimama akauliza lile lile. Darasa likamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar akampa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba ni kweli, maji ya moto yametangulia, ila asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo jambo lile linaitwa kwa jina la Mpemba. Aristotle mwenyewe alishaligusia, na Bacon pia, na Mfaransa Descartes. Wazungu walikuwa wamelisahau kabatini.

Hapa ningeishia ningekuwa mkweli nusu. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya, wakapitia na vipimo vya wenzao, wakasema hawaoni ushahidi wa kuridhisha; hata kusogeza kipimajoto sentimita moja ndani ya maji kunaweza kukupa jibu tofauti. Ubishi haujakwisha. Nilikuwa nimesoma na hilo. Mama Zuhura sikumwambia.

Usiku wa kwanza wa sayansi tulifunga ubuyu unaofuka moja kwa moja kwenye mifuko ya nailoni. Alfajiri tulikuta friza imekuwa machinjio. Mifuko ililegea, mafundo yakafunguka, na ubuyu mwekundu ukashuka ukagandia chini bamba moja, iliki zikionekana ndani yake kama wadudu kwenye kioo. Tulilichimba kwa mwiko wa chuma mpaka saa nne. Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikarekebisha: usifunge kwanza, ingiza sufuria zima lingali moto, ukipoa ndio ufunge. Na kifuniko usiweke, maana baadhi ya wataalamu wanasema mvuke unapotoka ndio hupunguza kazi.

Kwa hiyo kila Jumapili na kila Jumatano jioni, lita ishirini za ubuyu unaochemka ziliingia friza wazi, zikifuka. Na kwa nini siku hizo? Kwa sababu ndizo siku anazokuja dada kusaidia kuchuja na kufunga. Daftari lilikuwa limemwona anayepanda mbele, na nyuma yake alikuwa anapanda mume.

Zuhura ndiye aliyelimaliza, kwa karatasi moja. Aliandika kila kinachoweza kula umeme, kwa safu: friza, feni tatu, runinga, chumba cha Kamanda, jirani kujiunganishia, Shangazi. Chini kabisa akaandika: Baba.

"Baba kafanya nini?"

"Sijui. Ndio maana nimemwandika."

Ilikuwa Jumapili usiku, na dada alikuwa amerudi, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeshika tochi. Mita yetu ina kijitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa kwamba kila mipepeso 1000 ni yuniti moja. Zuhura alitaka tuhesabu. Mwingereza mwingine, John Stuart Mill, aliiandika mbinu hiyo mwaka 1843: chukua hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, utakachokiona kimebadilika ni cha huyo mmoja. Kwa lugha ya nyumbani, zima vyote, kisha washa kimoja kimoja.

Tukazima vyote. Watu sita kibarazani, kimya, macho kwenye mita. Dakika kumi. Hakuna mpepeso hata mmoja.

"Kama jirani amejiunganisha nyuma ya mita na anatumia sasa hivi, ingepepesa," Zuhura akasema. "Haikupepesa. Kwa hiyo hatumii."

Hapo nilimsikia mkwezi akishuka na nazi halisi. Angalia pia lile "sasa hivi" alilolichomeka; sikumfundisha mimi.

Tukawasha friza peke yake. Mipepeso 33 kwa dakika kumi: karibu wati 200. Hiyo si habari, ndivyo ilivyoandikwa mgongoni mwake. Tukasubiri ipumzike. Friza yenye afya huvuta, ikifika baridi yake hukaa kimya, halafu huvuta tena. Dakika 20, mipepeso 33 nyingine. Dakika 30. Dada akabadilisha mkono wa tochi. Saa nzima ilipita na friza haikumeza mate. Kwa mwendo huo ni yuniti 4.8 usiku na mchana, wakati nyumba nzima, friza ikiwemo, ilikuwa ikiishi kwa nne.

"Mama ifungue," Zuhura akasema.

Mvuke ulitoka kama kwenye chungu cha pilau. Masufuria mawili, vinywa wazi. Kamanda, ambaye siku hiyo hakuwa lindoni, akapitisha kidole kwenye ukingo wa juu na kusema, "Mwalimu, hapa." Mvuke wa wiki nane ulikuwa umepanda, ukagandia kwenye kona ya mlango, barafu nene kama kiganja, na kila ilipofungwa barafu hiyo iliuinua mlango na kuusukuma mpira. Mpira ulikuwa umechanika urefu wa shubiri mbili. Zuhura akaweka noti ya elfu kati ya mlango na ukingo, akafunga, akaivuta. Ilitoka kama inateleza kwenye siagi. Friza ilikuwa inapoza sebule, inapoza uani, inapoza Tanga.

Hakuna aliyesema neno. Zuhura alichukua kalamu, akaanza kukata majina kutoka juu kuja chini. Shangazi alikatwa kwa mistari miwili. Alipofika mwisho aliniangalia, akaikunja karatasi, akampa mama yake. Mama Zuhura aliichomeka ndani ya daftari la madeni, na mpaka leo haijatoka.

Fundi wa majokofu alikuja Jumanne na mpira mpya. Masufuria yanapoa kwenye beseni kama zamani, yamefunikwa. Soketi ya Kamanda imetengenezwa, ila anasema pasi ya umeme hainyooshi sawasawa.

Mimi bado sikuridhika. Hesabu ikirudi chini tumeiona, lakini nilitaka kuuona usiku mmoja kwa macho yangu mwenyewe, bila sheria na bila wifi. Ijumaa iliyofuata, saa sita za usiku, nilizima feni zote, runinga, chaja, kila kitu, nikabaki na friza. Ndani watoto wakajipepea kwa madaftari. Niliketi kibarazani, chini ya mita, na karatasi yangu, saa ya mkononi na kikombe cha kahawa. Friza ikavuta, ikavuta, kisha ikanyamaza. Raha niliyoisikia kwenye ukimya ule siwezi kuieleza.

Halafu kijitaa kikapepesa.

Nikaandika saa. Friza kimya. Dakika sita baadaye kikapepesa tena. Nikaandika. Baada ya dakika sita nyingine, tena. Mwili ukanisisimka. Kila kilicho kwenye nyumba hii kimezimwa. Friza imelala. Mita inakula. Kwa hiyo kuna asiyekuwa wa nyumba hii anayekula. Kauli tatu, zimenyooka kama mlingoti. Nilizipigia mstari, nikamtazama jirani dirishani kwake, nikaanza kupanga kikao cha kesho: mkeka, kahawa, nani aitwe kuwa shahidi.

Dirisha la nyuma yangu likafunguka kidogo.

"Baba Zuhura."

"Nimemkamata," nikanong'ona. "Njoo usome, nimeandika saa zote."

"Naona unaandika," akasema. "Unaandikia mwanga gani?"